Mistari Minne ya Panya Weupe: Maisha ya Longino Saimon Luambano

Baba Paroko, wazee wetu, mama zetu mlioko jikoni ambao najua mnanisikia kupitia dirisha, majirani wa Mshangano na wageni mliotoka Namtumbo, Ruhuwiko na Lizaboni, Tumsifu Yesu Kristo, na ndugu zetu Waislamu, Asalaam aleikum. Mimi ni Adela, mtoto wa kwanza wa marehemu. Kwa kawaida yetu historia hii ingesomwa na mwanamume wa ukoo, lakini baba mwenyewe alisema nisome mimi, kwa sababu nasoma polepole, naye alipenda mambo yasomwe polepole, kwa hiyo naomba mnivumilie, ukungu wa milima ya Matogoro haujaondoka bado na kaburi halina haraka.

Nje ya uzio wetu, karibu na kuni, kuna mtu ameketi tangu juzi mchana, wengi mmempita mkiingia na baadhi yenu hamkumsalimia. Nitamfikia. Baba aliniambia nisimfikie kabla ya wakati wake.

Baba yetu, Longino Saimon Luambano, alizaliwa tarehe 15 Machi 1949 katika kijiji kimoja nje ya Namtumbo, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Saimon na Bibi Anjelika, ambao wote wametangulia, na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa ya Mtakatifu Longino, yule askari aliyemchoma Bwana ubavuni kisha akaamini, padri hakutafuta jina lingine. Bibi alikuwa akitusimulia kwamba mtoto huyu hakulia sana alipozaliwa, alitazama tu, alitazama moto, alitazama paa, alitazama nyuso za watu, mpaka wakunga wakaanza kunong'ona, na mimi nikifumba macho ndivyo ninavyomwona baba mpaka leo, mtu amesimama kimya, anatazama kitu kidogo kwa muda mrefu, kama anayesubiri kitu hicho kiseme chenyewe.

Alianza shule ya misheni mwaka 1958 akamaliza darasa la nane mwaka 1965, hakuendelea mbele kwa kuwa nafasi zilikuwa chache, akarudi nyumbani kumsaidia babu kwenye tumbaku, akawa analinda moto wa bani wakati majani yanakaushwa, kazi ambayo ukisinzia umeunguza mavuno ya mwaka mzima. Tarehe 3 Mei 1971 aliajiriwa kuwa mfagizi katika kituo cha utafiti wa kilimo kilichokuwa njia ya Ruhuwiko, na mwaka 1978, baada ya wakubwa kuona kwamba sungura wa kituo walikuwa wanatulia anapoingia yeye, akafanywa mhudumu wa wanyama, cheo alichokaa nacho mpaka kituo kilipofungwa.

Tarehe 28 Septemba 1974 alifunga ndoa takatifu na mama yetu, Kasiana, ambaye yupo hapa mbele yenu, na Mungu akawajalia watoto watatu, mimi Adela mwaka 1975, Isidori mwaka 1978 na Careen mwaka 1984. Walihamia hapa Mshangano mwaka 1980, wakajenga nyumba hii mnayoiona, na jirani wa kwanza kuwaletea maji ya kukandia udongo wa matofali alikuwa Mzee Kassimu, ambaye alikuwa anajenga ya kwake, wakaazimana kalibu ya matofali, mvua ilipoanza wakaazimana na paa, maana familia zetu mbili zililala chini ya bati moja mpaka nyumba ya pili ilipoezekwa. Sisi watoto tulimwita baba mdogo. Hatukufundishwa na mtu, tulijikuta tunamwita.

Sasa nieleze kazi ya baba, kwa sababu wengi wenu mnaijua kwa utani tu. Mtani wetu Bibi Zabibu, ambaye asubuhi hii mmemwona amevaa koti jeupe la marehemu, amejitwisha ungo, anazunguka uani akilia, "Longino we, umetuachia nani wa kuwalisha watoto wako wa serikali, sisi tunakula matembele, wao wanakula unga wa sembe na dagaa!", huyo amekuwa akimsema baba hivyo tangu zamani. Sisi watu wa huku panya wa shambani ni kitoweo, hakuna wa kunibishia, kwa hiyo mtu anayelipwa mshahara kunenepesha panya asiwale ilikuwa kichekesho cha mtaa mzima. Bibi Zabibu alikuwa akimsubiri njiani na kumwuliza, "Longino, wamefika kiasi gani? Bado wa kuchoma?", na baba anashuka kwenye baiskeli, anavua kofia, anajibu, "Shikamoo mtani, bado wanasoma, hawajahitimu." Bibi anacheka mpaka anashika kiuno.

Kusoma kwenyewe kulikuwa hivi. Zamani dawa ya kuhifadhia mahindi ilikuwa inakuja kupitia chama cha ushirika, kwenye mifuko yenye maandishi, na bwana shamba anapita kutuonyesha kipimo. Biashara ilipoachwa huria maduka yakajaa, sabuni, redio, vitenge, na sisi tuliozoea foleni tukamshukuru Mungu, na pamoja na hivyo vyote likaja vumbi la kijivu, ndani ya mapipa yasiyo na maandishi yoyote, likauzwa kwa kikopo cha chai, na dumuzi wanaotoboa mahindi wakafa kweli, tena kwa bei ambayo hata mjane aliiweza. Pipa moja lilikaa dukani kwa baba mdogo Kassimu pale Lizaboni. Yeye alinunua kwa wakala kama wenzake, akatia na kwenye mahindi ya nyumbani kwake, akatugawia na sisi.

Mwaka 1993 Dkt. Rupert Haule, mkuu wa kituo, akapewa kazi ya kutafuta jibu la swali moja, kwamba je, vumbi hili likiingia tumboni kidogo kidogo, siku zote za maisha, linaweza kuleta saratani? Mtu huwezi kumlisha halafu ukasubiri uone. Kwa hiyo wakaletwa panya weupe, kwa kuwa maisha yao karibu yote yanaingia ndani ya miaka miwili, wakapangwa katika mistari minne ya vizimba, mstari wa kwanza chakula chao kikachanganywa na vumbi jingi, wa pili la kiasi, wa tatu kidogo sana, na mstari wa nne wakapewa chakula kitupu, kisicho na vumbi hata chembe. Kipindi hicho nilikuwa nampelekea baba chakula cha mchana, nikamwuliza kwa nini wanapoteza panya wazima kwa kuwalisha chakula kitupu, akaniambia, "Adela, hao wa nne ndio wanaotufundisha kusema kweli. Bila hao, kila uvimbe tutakaouona tutausingizia vumbi."

Chumba kile bado nakiota. Madirisha yalikuwa juu, mwanga ulikuwa unashuka kama maziwa, hakuna sauti ila kucha ndogo juu ya waya na pumzi nyingi kwa pamoja, kama kanisa limejaa watoto waliolala, na macho mekundu yanakufuata, na baba katikati yao ndani ya koti jeupe, anatembea kwa soksi ili asiwashtue. Alikuwa na utaratibu ambao hakuuacha hata siku moja, alianza kulisha mstari wa nne, ndipo wa tatu, ndipo wa pili, akamalizia wa kwanza, ili vumbi la mikono yake lisirudi kwa wale walio safi, na akimaliza ananawa, anasimama mlangoni, anasema, "Haya, mistari yote minne, lala salama," kwa sauti ileile aliyotuagia sisi kitandani, bila kuongeza upole kwa mstari fulani wala kuupunguza kwa mwingine. Nilimwuliza mbona anaagana na waliolishwa sumu kama anavyoagana na wazima. Akasema hawakuchagua mstari.

Siku ya Noeli ya mwaka huo, kazi ikiwa imeanza miezi michache tu, baba aliona haiwezekani sikukuu ya Bwana ipite viumbe wale wakila unga uleule wa kila siku, akachota bakuli la mahindi ya kuchemsha jikoni kwa mama, mama akamwambia, "Watu wanawalisha watoto wao pilau la Noeli, wewe unakwenda kulisha panya," naye akacheka, akapanda baiskeli, akawagawia mistari yote minne, punje moja moja kila panya. Aliporudi alimkuta mama uani anapepeta mahindi ya kesho yake, jua liko nyuma yake, na kutoka kwenye ungo kunapanda kitu laini, cha kijivu, kinazunguka kwenye mwanga, kinakaa kwenye nywele za mama kama majivu ya Kwaresima. Lilikuwa vumbi lile. Mahindi yetu yalikuwa yametiwa tangu Julai.

Nilikuwa mlangoni, nilimwona baba. Alisimama anatazama ungo ule, muda mrefu, mpaka mama akamwuliza ana nini. Hakukaa kula. Alirudi kwa baiskeli mpaka nyumbani kwa Dkt. Haule, akamkuta na wageni wake, akamwita pembeni akamwambia kwamba mstari wa nne si safi tena, amewalisha vumbi kwa mkono wake mwenyewe, kwa ajili ya sikukuu. Dkt. Haule yupo hapa, atanisamehe nikisema alichojibu, maana alikisema mwenyewe juzi kwenye huu msiba, kwamba alimjibu, "Longino, umeniharibia Noeli," halafu akakaa chini kwenye ngazi, kisha akasema, "Kama ungenyamaza ungeniharibia miaka miwili." Wakaanza upya na panya wachanga tarehe 7 Februari 1994. Kuanza huko upya kulimwuma baba kuliko mnavyofikiri, kwa kuwa kila mwezi wa kuchelewa ulikuwa mwezi mwingine wa vikopo kuuzwa, na nyumbani kwetu, tangu siku ile, hatukutia vumbi tena, mama alitia majivu, na wadudu wakala nusu ya mahindi, tukala walichotuachia.

Miaka ile miwili ilipita kama mtu anavyovuka mto kwa kuota. Panya walikua, wakanenepa, wakazeeka. Anayekufa alipasuliwa na Dkt. Haule, ini lake likawekwa kwenye chupa, likakatwa vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu, vikapelekwa kutazamwa kwa hadubini. Mwisho wa mwaka wa pili alikufa panya mmoja wa mstari wa nne, wa kizimba cha pembeni chini ya dirisha, ambaye hakuwahi kuonja chembe ya vumbi maisha yake yote, na alipopasuliwa ini lake lilikutwa na uvimbe mkubwa kuliko wote. Siku hiyo baba alipitia kanisani, akapiga magoti pale nyuma, na aliporudi alimwambia mama, "Yule hakuonja kitu, Kasiana. Hakuonja kitu, na uvimbe umempata." Alilirudia jambo hilo miaka yote, na kila mara kwa sauti ya mtu aliyeonyeshwa kitu kitakatifu asichokielewa.

Majibu kamili yalirudi Agosti 1996. Mstari wa nne walikuwepo wachache wenye uvimbe wa ini, wa tatu hawakuwapita kwa kiasi cha kusema neno, lakini wa pili walikuwa wengi zaidi, na wa kwanza wengi mno, kwa hiyo ikaandikwa kwamba vumbi lile linaleta saratani kwa panya, na kwa binadamu ni la kuogopwa. Narudia taratibu ili asiwepo wa kuondoka hapa na maneno mengine, vumbi lile ni baya, yeyote aliyebaki nalo asilitumie, ampelekee bwana shamba.

Jioni ile ile baba alikwenda dukani Lizaboni kumwambia rafiki yake kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Mimi nilikuwa na cherehani yangu kibarazani pale, nilisikia. Baba mdogo Kassimu alimsikiliza mpaka mwisho, akatazama pipa, akasema, "Longino, wanangu wamekula hili." Baba akasema, "Na wangu." Wakakaa. Baba mdogo akasema, "Nimewauzia watu wangapi mimi?" Wakainuka, wakalifunika pipa, wakalifunga kwa kamba, kesho yake watu wa kilimo wakalichukua, na duka lile likakaa msimu mzima bila dawa yoyote ya mahindi, wateja wakamtukana kwamba amekuwa na maringo, wakaenda kununua kwa jirani yake.

Tarehe 30 Juni 1997, katika ule upunguzaji wa wafanyakazi, kituo kilifungwa, baba akarudi shambani. Koti lake alikuja nalo, lakini vizimba alivifungua na kuviosha mwenyewe, kimoja kimoja, akianza na mstari wa nne.

Ugonjwa ulianza Novemba 1998 kwa maumivu chini ya mbavu za kulia, akatania kwamba Longino amerudishiwa mkuki wake, kisha macho yakawa ya manjano, akapungua, na Februari 1999 madaktari wa hospitali ya misheni wakatuambia kwamba ni uvimbe wa ini, umeshasambaa, tumrudishe nyumbani tumpende. Tulifanya hivyo. Baba mdogo Kassimu alikuwa anakuja kila asubuhi kumgeuza upande, kwa sababu ana mikono ya nguvu kuliko sisi.

Na hapo ndipo maneno yalipoanza mtaani. Kwamba ini ni lile vumbi. Kwamba muuzaji anakuja kuangalia mzigo wake ulivyofika. Yakamfika mdogo wangu Isidori, naye ni kijana anampenda baba yake, akamzuia Mzee Kassimu mlangoni, na tangu Pasaka hakuingia tena humu ndani. Isidori alikwenda kitandani akamwuliza baba, "Baba, sema tu, ni lile vumbi?" Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji, nilisikia kwa masikio yangu. Baba alimtazama kwa muda mrefu, akasema, "Mwanangu, mimi ni panya mmoja." Isidori akasema haelewi. Baba akasema, "Panya mmoja hasemi kitu. Labda niko mstari wa kwanza, maana nimelishika vumbi lile miaka. Labda niko mstari wa nne, kama yule wa chini ya dirisha. Mimi sijui, wewe hujui, na Kassimu hajui. Vumbi tulilishitaki kwa mistari minne na miaka miwili. Huyu mtu mnataka kumshitaki kwa panya mmoja?" Akachoka, akafumba macho. Baadaye aliniita mimi, akaniambia nitakapofika mahali pa ugonjwa na kifo nisome hivi hivi, nisiongeze wala nisipunguze.

Nasoma. Ugonjwa, uvimbe wa ini. Chanzo, hakijulikani.

Baba yetu alifariki hapa nyumbani, Jumatatu tarehe 14 Juni 1999, saa moja asubuhi, akiwa amepokea Mpako Mtakatifu, mama amemshika mkono, mahindi mapya yanakauka uani na ukungu umeingia mpaka chumbani. Dakika za mwisho alifikiri yuko kituoni. Alikuwa anatusogezea mkono mmoja mmoja, kama anayefungua vizimba.

Ndugu zangu, sisemi kwamba vumbi halikumuua baba. Inawezekana lilimuua. Inawezekana sivyo. Kuna jambo ambalo Mungu amejiwekea mwenyewe, na baba alituachia ruhusa ya kutolijua, ni ruhusa nzito kuibeba, mimi nimeibeba siku tatu na mabega yananiuma. Jana wazee wa ukoo walikaa wakasema kwamba aliyeuza sumu asitie udongo kwenye kaburi la Longino, na nawaheshimu wazee wangu, shikamooni, lakini neno hilo ni la mtu aliyekwisha kujua chanzo, na marehemu amesema hakijulikani.

Leo asubuhi nilimpa Isidori karatasi hii aisome kwanza, nisije nikamwaibisha mbele za watu. Aliisoma, akairudia, akanirudishia. Kisha nilimwona anachukua kile kiti cha baba cha kamba, anakipeleka nje ya uzio, anakiweka karibu na kuni, anarudi bila kuangalia nyuma. Asante, mdogo wangu. Umefika nusu ya njia, na nusu hiyo ndiyo ilikuwa ngumu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya misheni ambao hawakutudanganya, Paroko wetu na jumuiya ndogo ndogo ya Mshangano kwa sala zenu, Dkt. Haule na wote mliofanya kazi na baba pale kituoni, majirani mlioleta unga, kuni na mikeka, akina mama wa jikoni, waliochimba kaburi kwenye udongo huu mgumu wa kiangazi, na watani wetu mliotuchekesha tulipokuwa tumesahau kwamba tuna meno. Bibi Zabibu, koti hilo ni lako, baba alisema hivyo, ila ulifue.

Na sasa baba mdogo Kassimu, wewe uliyetuletea maji siku ya matofali, inuka kwenye kiti hicho, pita hapa langoni. Hakuna atakayekuzuia. Utatia udongo pamoja na sisi watoto, baada ya mama, kabla ya wageni, Isidori atakupa jembe.

Wengine naomba mpishe njia.

Baba, tumekusikiliza, hatukusema kuliko tunavyojua. Walioonja na wasioonja, wote tupo hapa pembeni yako, hatukuchagua mistari yetu, na hakuna aliyebaki nje. Haya, baba, mistari yote minne imekuja kukuaga. Lala salama, upumzike kwa amani.